Jua Haki Zako: Babu na Bibi Wanaotaka Kuwaona Wajukuu Baada ya Msiba

Mzazi anapofariki dunia na kuacha watoto wadogo, vikao vya familia vinavyofuata matanga hushughulika zaidi na uteuzi wa msimamizi wa mirathi, ulipaji wa madeni na mgawanyo wa mali, ilhali suala la nani ataendelea kuonana na watoto, na kwa utaratibu gani, huachwa bila kujadiliwa. Matokeo yake huonekana baadaye, pale mjane au mgane anapohama, anapofunga ndoa nyingine au anapokosana na wakwe zake, na babu na bibi waliozoea kuwalea wajukuu wakajikuta hawaruhusiwi hata kuwasalimia. Kwa kuwa Zanzibar ina Sheria ya Watoto yake, Na. 6 ya mwaka 2011, maelezo yanayofuata yanahusu sheria za Tanzania Bara.

Haki iliyo mbele ni ya mtoto

Sheria kuu katika eneo hili ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo humtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto, yaani yale yanayomfaa zaidi katika afya, elimu, usalama na utulivu wa moyo wake, yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kanuni hiyo inalingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ulioridhiwa mwaka 2003.

Kanuni hii ina makali pande zote mbili. Babu na bibi hawawezi kumdai mjukuu kwa hoja kwamba yeye ndiye kumbukumbu pekee ya marehemu au kwamba ukoo ulitoa mahari, na mzazi aliyebaki naye hawezi kuwazuia wasimwone mtoto kwa sababu tu ya chuki iliyozaliwa na ugomvi wa mirathi. Mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, ambazo humhesabu mtoto kuwa wa upande wa baba, zinaweza kuzingatiwa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama iangalie pia desturi za jamii ya wahusika, lakini sheria hiyohiyo inatanguliza ustawi wa mtoto mbele ya desturi yoyote.

Kulea na kuonana ni mambo mawili

Sheria ya Mtoto inatofautisha amri ya malezi, ambayo humpa mtu jukumu la kuishi na mtoto na kumwangalia siku hadi siku, na amri ya kuonana na mtoto, ambayo humruhusu mtu asiyeishi naye kumtembelea, kutembelewa naye au kukaa naye kwa vipindi vilivyopangwa. Kifungu cha 37 kinahusu maombi ya malezi, na kifungu cha 38 kinamfungulia mlango mzazi, mlezi au jamaa aliyekuwa akimtunza mtoto aombe kuonana naye kwa vipindi. Maneno hayo kuhusu utunzaji yana uzito mkubwa, kwa sababu bibi aliyemlea mjukuu tangu aachishwe ziwa, au babu aliyekuwa akimlipia ada ya shule, anasimama mahakamani kwa nguvu kuliko jamaa aliyejitokeza siku ya maziko.

Mzazi mmoja anapokuwa hai, kwa kawaida yeye ndiye anayeendelea na malezi, na ombi linalowafaa babu na bibi ni la kuonana, isipokuwa pale ambapo mtoto anateswa, ametelekezwa au yumo hatarini. Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, kifungu cha 9 kinaruhusu wajibu wa mzazi uhamie kwa jamaa wa upande wowote, wa baba au wa mama, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila.

Katika kuamua, mahakama huongozwa na kifungu cha 39, kinachoitaka ipime, pamoja na mengine, umri wa mtoto, umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa hiari bila kushawishiwa, uzuri wa kutowatenganisha ndugu, na haja ya kutokatiza malezi aliyoyazoea.

Msimamizi wa mirathi si mlezi

Watu wengi huamini kwamba aliyeteuliwa kusimamia mirathi amepewa pia watoto wa marehemu, jambo ambalo si kweli, kwani kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi. Aidha, kifungu cha 10 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake, kwa hiyo ombi la kumwona mjukuu lisifanywe kisingizio cha kugusa nyumba au shamba lake.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, yakisimamiwa na mshenga, mzee au kiongozi wa dini anayeheshimiwa na pande zote mbili, na makubaliano yakifikiwa yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Yakishindikana, suala lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anaweza kuziita pande zote na kuzipatanisha bila kesi. Hatua ya mwisho ni maombi katika Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza mashauri kwa faragha, mbele ya afisa ustawi wa jamii na bila ukali wa mashauri ya kawaida, ili mtoto asitishike.

Mwombaji anapaswa kuandaa cheti cha kifo cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ushahidi wa utunzaji kama vile stakabadhi za ada, kadi ya kliniki na maelezo ya majirani au walimu. Ombi lenyewe litaje mambo mahususi: siku za kuonana, sehemu ya likizo ambayo mtoto atakaa kwa babu na bibi, mawasiliano ya simu na nani atalipa nauli. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kufika katika taasisi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC).

Jambo la kuepukwa kabisa ni kumchukua mtoto shuleni au njiani kwa siri, kwa kuwa kifungu cha 40 kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye haki ya malezi yake, na kitendo hicho kinaweza kuharibu ombi ambalo lingekubaliwa.

Mtoto aliyefiwa amekwisha kupoteza mzazi mmoja, na hapaswi kupoteza nusu ya ukoo wake kwa sababu watu wazima wamekosana. Familia zinazogawana mirathi zinahimizwa kuandika, katika muhtasari wa kikao kilekile, ni lini na wapi watoto watakuwa wakiwaona babu na bibi wa pande zote mbili.