SOMO KWA MAKATIBU: MAPATO YA UWINDAJI WA ELKI KATIKA RANCHI ZA UTAH NA NAMNA YA KUYAGAWA



Mkaguzi anapofungua vitabu vya chama chochote, swali la kwanza linalompasa si fedha zimekwenda wapi, bali ni kitu gani kilichouzwa hata fedha hizo zikapatikana. Katika vyama vyetu vya pamba na kahawa swali hili halisumbui, kwa kuwa mali imo ghalani na mizani imekwisha kuipima. Lakini ziko biashara za pamoja ambazo mali yake haiwekwi juu ya mizani, na wanachama wake huweza kugombana miaka mingi kwa sababu hawakupatana tangu mwanzo wanauza nini. Leo tutajifunza biashara moja ya namna hiyo, nayo ni uwindaji wa kulipia wa elki na ayala katika ranchi za watu binafsi huko Utah, jimbo lililo magharibi ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu wenye ranchi wa huko, ambao kila mmoja ana hati ya ardhi yake na uzio wake, walilazimika kufanya kazi hii kwa ushirika.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Elki ni wa jamii moja na ayala tunayemsoma katika Biblia, ila ni mkubwa zaidi. Dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 300 na kupita. Pembe zake si kama za kulungu wa misitu yetu, ambazo humkaa maisha yake yote. Za elki huanguka kila mwaka, kisha huota nyingine zenye matawi, na hizo ndizo zinazomvuta mwindaji tajiri kutoka mbali. Ayala wa Utah ni mdogo kuliko elki, naye ana masikio makubwa kama ya punda. Mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa wamewindwa ovyo hata Marekani ya Kaskazini nzima ilikuwa imebakiwa na idadi isiyofika 100,000. Leo wanakaribia milioni moja, baada ya sheria kukazwa na wanyama kuhamishwa kutoka Yellowstone kupelekwa majimbo mengine.

Jambo lenye maana zaidi kwa somo letu ni mwendo wake. Wakati wa joto elki hukaa milimani, penye majani mabichi na hewa baridi. Theluji ianzapo kuwa nyingi huteremka mabondeni, na huko huyakuta majani makavu ambayo mwenye ranchi ameyakata na kuyarundika kwa ajili ya ng'ombe wake. Kundi likivamia rundo hilo, chakula cha mifugo hupungua sana, na seng'enge hukatika. Basi anayemlisha elki katika Januari si lazima awe yule ambaye mnyama huyo atapigwa risasi kwake katika Oktoba. Ndugu Katibu, likumbuke neno hili, maana ndilo kiini cha ugomvi tutakaoueleza.

Sasa turudi katika swali la mkaguzi. Kwa sheria ya Utah mnyama wa porini ni mali ya jimbo, yaani ya watu wote. Mwenye ranchi ana udongo, ana majani, ana maji na lango la kuingilia, elki hana. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2009 haiko mbali na hapo, kwani nayo inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tena huko Marekani nyama ya mnyama wa porini aliyewindwa hairuhusiwi kuuzwa sokoni. Wapo wafugaji wanaofuga elki ndani ya uzio mrefu, na hao ni mali ya mfugaji kama ng'ombe. Lakini hiyo ni biashara nyingine kabisa, ambayo wananchi wa jimbo la Montana walipiga kura mwaka 2000 kukataza wateja wasilipe ili kuwapiga risasi wanyama waliofungiwa. Nami naona walikuwa na haki, maana kumpiga risasi mnyama aliyefungiwa hakustahili kuitwa uwindaji.

Kinachouzwa basi ni vitu vitatu: ruhusa ya kuingia katika ardhi, nafasi ya kupata kibali, na kazi ya mwongozaji. Kazi hii ya mwongozaji isidharauliwe. Kabla ya msimu huzunguka milimani na darubini akijifunza njia za wanyama na mahali wanapolala. Ifikapo Septemba madume hulia kwa sauti ndefu kama filimbi wakitafuta majike, naye mwongozaji huiga sauti hiyo kwa chombo cha kupuliza ili dume asogee akidhani amepata mshindani. Sharti ajue upepo unatoka wapi, kwa kuwa elki akinusa harufu ya mtu kazi ya siku nzima imepotea. Yeye ndiye amwambiaye mteja kuwa dume huyu bado ni mdogo, tumwache. Na mnyama akishaanguka ndipo jasho linapoanza: kutoa matumbo, kuchuna, kukata vipande na kupakia farasi, yote kwa haraka nyama isiharibike, maana sheria humwadhibu anayeiacha ioze porini. Wawindaji wa bunduki hupaswa kuvaa kichwani, kifuani na mgongoni nguo ya rangi ya chungwa inayoonekana kwa mbali, na kwa kawaida mtu aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba, 1965 hapati leseni kabla ya kufaulu mafunzo ya uwindaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jimbo la Utah lilianzisha utaratibu wa vitengo vya ushirika vya kutunza wanyamapori. Masharti yake ni kwamba ardhi iwe imeungana, isipungue ekari 10,000 kwa elki au ekari 5,000 kwa ayala. Ranchi kubwa huweza kutimiza sharti hilo peke yake. Wenye ranchi ndogo hawana budi kuunda umoja, kuchagua mwendeshaji, kuweka alama mipakani na kupeleka serikalini mpango wa kutunza wanyama. Leo vitengo hivyo vimepita 100. Serikali ya jimbo ndiyo ipangayo idadi ya vibali. Sehemu kubwa ya vibali vya madume hutolewa kwa umoja katika sura ya hati, nao umoja huziuza hati hizo kwa wateja; vibali vinavyobaki hupigiwa kura, na mwananchi aliyeshinda huingia ranchini kuwinda bila kulipia ruhusa ya kuingia. Hii ndiyo bei ambayo wenye ardhi huilipa kwa umma, kwa sababu mnyama ni wa umma.

Katibu mwangalifu ataona mara moja kuwa hapa pana fedha mbili. Mteja hununua hati kwa umoja, kisha huipeleka idara ya wanyamapori na kulipa ada ya kibali huko. Ada hiyo si pato la umoja na haina nafasi katika daftari lake la fedha, hata kama mwendeshaji aliibeba mkononi ili kumsaidia mgeni. Kadhalika bakshishi anayopewa mwongozaji na mteja ni ya mwongozaji. Lakini mshahara wake, chakula cha wageni, majani ya farasi na bima ni matumizi ya umoja, na kila moja liwe na hati yake ya malipo.

Natuje kwenye mgawanyo. Tuchukue mfano wa kubuni wa ranchi nne zenye jumla ya ekari 10,000: ya Mlimani ekari 4,000, ya Msituni 3,000, ya Kati 2,000 na ya Bondeni 1,000. Zimeuza hati nane za madume kwa dola 8,000 kila moja, yaani dola 64,000 pamoja na huduma. Matumizi ni dola 24,000. Katika ziada ya dola 40,000 imewekwa akiba ya sehemu moja ya kumi, nazo zimebaki dola 36,000 za kugawa. Madume matano yameangukia Mlimani na matatu Msituni.

Mwenye Mlimani atasema kila dume ni dola 4,500, kwa hiyo yeye apewe dola 22,500, Msituni dola 13,500, na wengine wasubiri mwakani. Maneno haya yana sura ya haki, lakini yakikubaliwa, msimu ujao kila mwenye ranchi atamvuta mwongozaji upande wake, na atawafukuza elki wasivuke kwa jirani. Njia ya ekari peke yake ni bora kidogo. Kila ekari itapata dola 3.60, na mwenye Bondeni atachukua dola 3,600. Ila huyu ndiye aliyewalisha elki wote miezi ya theluji. Ikiwa majani yake yaliyoliwa na seng'enge iliyokatika vimepimwa vikafika dola 6,000, amepata hasara ya dola 2,400 kwa kuwa mwanachama. Hatakaa. Naye akiondoka zitabaki ekari 9,000, sharti la ekari 10,000 halitatimia, na hakuna atakayepata hati hata moja, yule mwenye madume matano akiwamo.

Kwa maoni yangu hasara ya Bondeni itolewe kwanza, kabla ya ekari kuhesabiwa. Zitabaki dola 30,000, kila ekari itapata dola 3, na mgawo utakuwa dola 12,000 kwa Mlimani, 9,000 kwa Msituni, 6,000 kwa Kati, na 9,000 kwa Bondeni, yaani 3,000 za ekari na 6,000 za fidia. Hasara hiyo isiandikwe kwa neno la mwenye mali tu. Wajumbe wawili kutoka ranchi nyingine wapime rundo kabla ya theluji na baada yake, watie sahihi, na karatasi ifungwe pamoja na muhtasari wa kikao. Na kanuni ya kugawa ipitishwe na mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa, wakati ambapo hakuna ajuaye madume yataangukia kwa nani. Wanachama wetu wa vijiji vilivyotenga ardhi katika jumuiya za hifadhi ya wanyamapori hawatashindwa kuona kwa nini nalisisitiza jambo hili, kwani nao wana kijiji kinacholiwa mazao na kijiji kinachopokea wageni.

Katika kikao chenu cha masomo jaribuni maswali haya. Ikiwa theluji ni chache na Bondeni haikupata hasara yoyote, kila ranchi itapata kiasi gani? Mwenye Kati anadai farasi wake watatu walitumika siku ishirini bila malipo: je, dai lake liingie katika matumizi au katika mgawo, na nani athibitishe siku hizo? Na mwananchi aliyeshinda kura akilalamika kwamba alipelekwa upande usio na wanyama, malalamiko yake yaandikwe katika kitabu kipi, na asomewe nani?