Matunda ya Mwaka wa Nne

Mwembe uliobebeshwa unaweza kutoa maua ukiwa bado mche mdogo. Mabwana shamba hutushauri tuyaondoe maua hayo ya mwanzo ili mti upate kwanza mizizi na matawi. Inauma, hasa kwa watoto waliokuwa wakiyahesabu.

Sheria ya Musa ilidai subira ndefu zaidi. Katika Walawi 19:23-25 Waisraeli walikatazwa kula matunda ya mti mpya kwa miaka mitatu. Kiebrania kinayahesabu matunda hayo kama yasiyotahiriwa. Mwaka wa nne matunda yote yalikuwa matakatifu kwa Bwana, na mwaka wa tano ndipo mwenye mti alikula. Neno linaloyataja matunda ya mwaka wa nne ni *hillulim*, yaani sifa, lenye mzizi mmoja na Aleluya yetu.

Misna, mkusanyo wa mapokeo ya walimu wa Kiyahudi, yasimulia kwamba wenye mizabibu walioishi mwendo wa siku moja kutoka Yerusalemu walipaswa kupeleka zabibu zenyewe za mwaka huo, wasizibadili kwa fedha. Sababu waliyoitoa walimu wa Kiyahudi baadaye yatupendeza sana: masoko ya mji yapambwe kwa matunda.

Tena, Kumbukumbu la Torati 26:11 inawaingiza Mlawi na mgeni, watu wasio na shamba, katika furaha ya malimbuko. Basi mwembe wetu ukizaa maembe kumi tu, la kwanza tumpe nani? Kikapu cha matoleo Jumapili kinafaa; jirani asiye na mti anafaa pia. Watoto nao tusiwasahau, wamengoja kuliko sisi.