Benki Ikitaka Kuuza Nyumba Yako Wakati Soko Limelala

Kutoka Kilimani hadi Ruaka, mabango ya nyumba zinazouzwa yamepauka kwa jua. Wenye nyumba wanashusha bei na bado simu hailii. Soko likilala hivi, anayeumia zaidi ni aliyenunua au kujenga kwa mkopo, hatimiliki yake ikiwa imewekwa rehani. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 Februari 2024, na riba ya mikopo mingi ya nyumba ikapanda nacho. Tangu Agosti mwaka huo kiwango kimeshushwa mara kadhaa, lakini malimbikizo ya mtu hayapungui kwa sababu riba imepungua. Mwaka huohuo, mikopo iliyokwama ilipita asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki nchini.

Wengi wanaopoteza nyumba hawashindwi na sheria. Wanashindwa kwa kunyamaza. Barua ya kwanza inawekwa kwenye droo, ya pili haifunguliwi, na mwenye nyumba anamtafuta wakili siku tangazo la mnada linapotokea gazetini. Kufikia hapo amekwisha kupoteza miezi ambayo sheria ilimpa bure.

Miezi hiyo inatoka kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Benki haiwezi kuamka asubuhi moja na kuuza nyumba yako. Kifungu cha 90 kinataka kwanza uwe umekaa mwezi mmoja bila kutimiza wajibu wako. Ndipo benki ikuandikie ilani inayotaja kosa lenyewe, kiasi unachopaswa kulipa ili kulirekebisha, na muda wa kulipa usiopungua miezi mitatu. Ilani hiyo lazima pia ikueleze kwamba una haki ya kuiomba mahakama nafuu. Ikiwa haitaji kiasi, au imekupa mwezi mmoja tu, ina kasoro ambayo mahakama huitazama kwa uzito. Usiitupe. Iweke pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta unaonyesha ilitumwa lini.

Miezi mitatu ikiisha bila malipo, kifungu cha 96 kinadai ilani nyingine, ya kuuza, na benki haiwezi kukamilisha mauzo kabla ya siku 40 kupita. Nakala yake si yako peke yako. Inapaswa kumfikia mwenzi wako aliyeridhia rehani, mdhamini wa mkopo, mwenye hisa katika nyumba na wapangaji. Kisha huja dalali. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinamtaka akupe ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 45 za kukomboa mali yako. Zikiisha, anatangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Hatua hizi zikifuatana moja baada ya nyingine, ni kama miezi saba tangu uliposhindwa kulipa mara ya kwanza. Miezi saba inatosha kufanya jambo la maana.

Nasisitiza hapa suala la anwani. Ilani nyingi hutumwa kwa sanduku la posta uliloandika kwenye fomu za mkopo. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha kwamba ilani ilitumwa ni wa benki, na benki zimewahi kushindwa kortini kwa sababu hiyo. Lakini ikiwa ulihama Nakuru ukaenda Thika na hukuiambia benki, risiti ya posta ya anwani yako ya zamani inaweza kukufunga. Andika barua ya kubadilisha anwani leo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo soko lililolala linapombana mwenye nyumba, na ndipo watu wengi wanapoielewa sheria vibaya. Kifungu cha 97 kinaitwika benki wajibu wa kutafuta bei bora zaidi inayoweza kupatikana wakati wa mauzo. Kabla ya kuuza, lazima mthamini akadirie thamani ya nyumba ikiuzwa kwa lazima. Kanuni za Madalali nazo zinataka bei ya chini inayowekwa kwenye mnada itokane na uthamini usiozidi miezi 12. Na ikiwa nyumba itauzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake hadi yenyewe ithibitishe vinginevyo. Wewe unaweza kuiomba mahakama itangaze mauzo hayo kuwa batili.

Swali ni soko lipi. Kifungu kinalinganisha bei ya mnada na bei ambazo nyumba za aina na ubora uleule zinauzwa sasa sokoni. Hakilinganishi na bei uliyonunulia. Tuseme ulinunua fleti Syokimau kwa milioni 12, na leo fleti kama hiyo inauzwa milioni 9. Robo tatu ya milioni 9 ni milioni 6.75. Benki ikiuza kwa milioni 6.5, dhana ya sheria iko upande wako. Ikiuza kwa milioni 7, dhana hiyo haipo, hata kama kwa hesabu ya moyo wako umepoteza milioni tano. Bado unaweza kubisha, kwa sababu sheria inasema wazi kwamba kuvuka kiwango hicho hakumaanishi benki imetimiza wajibu wake, ila mzigo wa kuthibitisha sasa umeuchukua wewe. Nimeona hati za viapo kortini zenye kurasa nyingi za uchungu kuhusu bei ya mwaka wa kununua, bila hata karatasi moja inayoonyesha bei ya sasa. Kesi ya namna hiyo inashindwa, na inastahili kushindwa.

Kwa hiyo tafuta mthamini wako mwenyewe aliyesajiliwa, mapema, wakati ilani ya kwanza bado mbichi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinachoweza kupotea. Omba pia nakala ya ripoti ya mthamini wa benki, uone alifika lini na kama aliingia ndani au alitazama kutoka langoni. Ripoti iliyoandikwa bila kuingia ndani ya nyumba ni mlango wa hoja nzuri kortini.

Ushauri wangu wa dhati kwa aliyekwisha kuona hawezi kuendelea kulipa ni huu: uza mwenyewe. Mnada mara nyingi huleta bei ya chini, na sokoni pakiwa na wanunuzi wachache waliokuja kusaka bei ya kutupa, huwa chini zaidi. Iandikie benki kwamba unatafuta mnunuzi kwa makubaliano ya kawaida, omba taarifa ya kiasi kamili cha kukomboa hatimiliki, na umpe wakili wako kazi ya kuandaa ahadi ya kitaaluma kwamba pesa za mnunuzi zitailipa benki moja kwa moja. Benki nyingi hukubali, kwa sababu nazo hazitaki kesi wala nyumba zinazododa. Kumbuka kwamba mauzo yasipofuta deni lote, salio linabaki kuwa deni lako na benki inaweza kukushtaki. Pesa za mauzo zikizidi, baada ya gharama na madeni ya rehani kulipwa, ziada ni yako kwa mujibu wa kifungu cha 101. Idai kwa maandishi.

Kagua deni lenyewe pia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishahesabiwa kuwa umekwama, riba ambayo benki inaweza kukudai haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo wa msingi uliokuwa umebaki siku ulipokwama. Kama ulibakiza milioni 4, riba inakoma kwenye milioni 4, ukiongeza gharama halali za kufuatilia deni. Omba taarifa ya akaunti tangu mwanzo. Na kabla ya kutia sahihi barua ya kupanga upya malipo, isome yote, kwani mara nyingi kuna sentensi inayokufanya ukubali kiasi kizima bila kukihoji.

Kama nyumba hiyo ni ya familia, kuna ngao nyingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya maandishi ya wanandoa wote wawili, nao wakiwa wameelewa wanachokubali. Sheria ya Ardhi nayo, katika kifungu cha 79, inataka sahihi au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mke au mume ambaye hakuwahi kuridhia ana hoja yake mwenyewe ya kupeleka kortini.

Mpangaji naye asikae akidhani hayamhusu. Benki inaweza kuteua mpokeaji wa kodi, kwa hiyo ukiambiwa ulipe kwa mtu mpya, dai barua ya uteuzi kwanza na utunze kila risiti.

Ikibidi kwenda kortini, mzozo wa mkopo uliowekewa rehani hupelekwa Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2017 kwamba Mahakama ya Mazingira na Ardhi si mahali pake. Ili mnada usimamishwe, majaji bado wanatumia vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: uwe na kesi ya kuaminika, uonyeshe hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa, na ikibaki shaka, mahakama ipime nani ataumia zaidi. Kubishania kiasi cha deni pekee kwa kawaida hakusimamishi mnada. Ilani yenye kasoro, uthamini uliopitwa na wakati au ridhaa ya mwenzi iliyokosekana huwa na nguvu zaidi.

Fika huko mapema. Unaweza kulipa deni na kuiondoa rehani wakati wowote kabla benki haijafikia makubaliano ya mauzo na mnunuzi. Nyundo ya dalali ikishagonga, haki ya kukomboa imekwisha, na kwa kawaida kinachobaki ni kudai fidia kwa benki chini ya kifungu cha 99 huku mtu mwingine akiwa na funguo. Kama una barua ya benki ambayo hujaifungua, ifungue leo, andika pembeni tarehe uliyoipokea, na umpelekee wakili wiki hii.