Mafunzo Niliyopata: Imani Inapovuka Mlango wa Kanisa

Huku kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, hakuna anayekushangaa ukienda misa, watakushangaa usipoenda. Ndiyo maana mtu anaweza kuzeeka kanisani huku moyo wake ukiwa mbali. Niliyojifunza nimeyapata katika miaka ambayo mazoea yetu yalivunjwa kwa nguvu.

1. Desturi ikiondolewa, kinachobaki ndicho chako

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, kisha ikafika Butembo na Katwa. Hadi ilipokwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Mlangoni pa kanisa kuliwekwa madumu ya maji ya klorini. Kupeana amani kwa mikono kulikoma. Wafu wetu walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kinga, sisi tukitazama kwa mbali.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alimzika mumewe hivyo. Siku 21 za uangalizi zilipokwisha salama, majirani bado walimkwepa kisimani. Mwanakwaya mwenzetu ndiye aliyempelekea ugali na sombe, akaketi naye uani wakala pamoja. Kanisani hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Nilijua kwa sababu njia yangu ilipita hapo.

2. Sala ya kweli haihitaji urefu

Waliokimbia mashambulizi kutoka Mbau na Oicha hadi Beni husali kwa kifupi sana: jina la mtoto aliyebaki nyuma, kisha amina.

3. Imani huulizwa sokoni

Butembo ni mji wa biashara, na sote tunalijua kopo la kupimia maharagwe lililobonyezwa kitako ili kumpunja mnunuzi. Mwenye kopo hilo anaweza kuwa wa kwanza kupeleka matoleo altareni. Ninapoliona, humkumbuka Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, aliyekataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Aliuawa mwaka 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Alimtii Mungu akiwa kazini, karatasi za mizigo zikiwa mbele yake, na naamini hapo ndipo wengi wetu tunapoitwa.

4. Msamaha hausemwi kwa mazoea

Mapadri watatu wa shirika la Waasumpsionisti walitekwa Mbau Oktoba 2012, hawakurudi. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili, Beni, asubuhi ambayo watoto walikuwa wapewe kipaimara. Kuna watu wa Beni waliofiwa katika mashambulizi ambao, katika Baba Yetu, wakifika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, hunyamaza, kisha huendelea na sala. Nauheshimu ukimya huo kuliko sauti zinazoyapita maneno hayo mbio mbio, maana wafiwa hao wanajua wanachoombwa. Padri mmoja aliwaambia wasijilazimishe, ila wasiache kuja. Watayasema siku Mungu atakapowapa nguvu.