Dini, Jinai na Haki katika Mabepari wa Venisi

Tuanze na swali lenyewe, maana ndivyo utakavyokutana nalo kwenye karatasi:

Dini huathiri jinsi wahusika wa tamthilia ya Mabepari wa Venisi wanavyotazama jinai na haki. Jadili. (alama 20)

Nimesahihisha majibu ya maswali ya aina hii kwa miaka mingi, na kuna makosa mawili ambayo hayakosi kujitokeza. La kwanza ni mtahiniwa kuandika mahubiri. Anaanza kwa kueleza kwamba Mungu anatutaka tusameheane, anajaza ukurasa mzima kwa mafunzo ya kanisani au madrasani, na ukitafuta jina la Antonio au Shylock humuoni mtu. Jibu la namna hiyo ni zuri kwa ibada ya Ijumaa au Jumapili, lakini katika fasihi halina alama. Kosa la pili ni baya zaidi. Mtahiniwa anaandika kwamba Shylock ni mwovu kwa sababu ni Myahudi. Hiyo si hoja. Hayo ni maneno ya Gratiano, na Gratiano ni mhusika, tena mhusika mropokaji. Hakutumwa na baraza la mitihani. Kazi yako ni kueleza kwa nini Gratiano anasema hivyo, na tamthilia inatuonyesha nini kuhusu watu wanaosema hivyo.

Kwanza muktadha, kwa ufupi. Shakespeare aliandika tamthilia hii kati ya mwaka 1596 na 1598. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656. Kwa hiyo watazamaji wengi wa London hawakuwahi kukutana na mtu anayefuata dini ya Kiyahudi waziwazi. Walichokijua ni uvumi. Mwaka 1594 daktari wa Malkia Elizabeth, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi aliyekuwa amebatizwa, alinyongwa kwa madai ya kupanga kumtilia malkia sumu. Huko Venisi kwenyewe Wayahudi waliruhusiwa kuishi, lakini kuanzia 1516 walitengewa mtaa wao ambao malango yake yalifungwa usiku. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia hii kwa Kiswahili mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliiita Mabepari, kwa wingi. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa kwenye jina ni mmoja tu, Antonio. Fikiria wingi huo unamwingiza nani mwingine.

Historia hii itumie kama chumvi kwenye mchuzi. Sentensi moja au mbili zinatosha. Alama ziko ndani ya matini.

Sasa riba, kwa sababu ugomvi wote unaanzia hapo. Kwa sheria ya kanisa la enzi hizo, kukopesha kwa riba kulikuwa dhambi. Mtaguso wa mwaka 1179 uliamua kwamba wala riba wanaojulikana wasizikwe kwa mazishi ya Kikristo. Wayahudi nao walifuata Torati, ambayo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inakataza kumtoza ndugu riba lakini inaruhusu kumtoza mgeni. Wanafunzi Waislamu huelewa jambo hili haraka kuliko wenzao, kwa kuwa wanajua riba ni haramu na wanajua uzito wa neno hilo. Ona basi hali ilivyo: tendo lile lile, kukopesha fedha na kupokea ziada, kwa Antonio ni dhambi na kwa Shylock ni kazi halali inayomlisha. Hakuna sheria ya Venisi inayoikataza. Kinachoikataza ni dini ya upande mmoja.

Rudi kwenye Onyesho la Tatu la Tendo la Kwanza. Shylock anajitetea kwa kisa cha Yakobo na kondoo wa Labani, kutoka kitabu cha Mwanzo. Antonio anamjibu kwa kusema kwamba hata shetani anaweza kutumia maandiko kwa faida yake. Wote wawili wanasoma kitabu kimoja na kila mmoja anatoka na hukumu tofauti. Hapo hapo tunaambiwa kwamba Antonio amewahi kumtemea Shylock mate hadharani, akampiga teke na kumwita mbwa. Antonio hakani. Anasema anaweza kuyarudia. Kumtemea mtu mate na kumpiga teke ni shambulio, lakini katika tamthilia nzima hakuna mtu anayefikiria kumshtaki. Kwa nini? Kwa sababu anayetemewa ni mkosefu kwa macho ya kanisa. Hii ndiyo hoja ya kwanza ya kuandika, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: dini inaamua ni tendo gani liitwe kosa, na ni nani anayeweza kutendewa kosa.

Hoja ya pili watahiniwa wengi huiruka. Jessica, binti ya Shylock, anatoroka usiku akiwa amejigeuza kijana wa kiume, na anabeba dukati na vito vya baba yake. Baadaye tunasikia kwamba pete aliyopewa Shylock na Leah alipokuwa kapera ilibadilishwa kwa tumbili. Huu ni wizi. Lorenzo na rafiki zake wanashiriki, na hakuna anayeutaja kama wizi. Kwao ni arusi na wokovu, maana Jessica anakwenda kuwa Mkristo. Tena uwe makini na kilio cha Shylock mitaani, kile cha kumlilia binti na fedha kwa pamoja. Hatukioni jukwaani. Tunasimuliwa na Solanio, ambaye anakicheka. Mtahiniwa akiandika kwamba Shylock alipenda fedha kuliko mtoto, namwuliza pembeni ya karatasi: ni nani alikuambia?

Baada ya pigo hilo Shylock anabadilika. Katika Onyesho la Kwanza la Tendo la Tatu anasema wazi kwamba kisasi amejifunza kutoka kwa Wakristo wenyewe. Wao wakikosewa hulipiza, naye atafuata mfano wao. Kisha anaongeza jambo ambalo litaamua kesi yote: anakula kiapo. Jessica anatuambia alimsikia akiapa mbele ya Tubal na Chus kwamba angependa nyama ya Antonio kuliko kulipwa mara ishirini ya deni. Mahakamani anakataa kulipwa mara tatu ya deni akisema kiapo chake kiko mbinguni, na kwamba hawezi kuitia nafsi yake dhambi ya kuvunja kiapo. Usilipite hili haraka. Sisi tunaona mtu anayenoa kisu kwenye soli ya kiatu. Yeye anajiona mcha Mungu anayetimiza ahadi. Kwake kusamehe ndiko kungekuwa kosa. Je, ni unafiki? Mimi naona anaamini nusu na kutafuta kisingizio nusu, lakini ukileta ushahidi wa upande mwingine utapata alama zako.

Kisha Portia, akiwa amejigeuza mwanasheria mwanamume. Hotuba yake kuhusu huruma ndiyo sehemu inayotolewa dondoo mara nyingi kuliko zote, kwa hiyo ielewe vizuri. Hasemi kwamba Shylock hana haki kisheria. Anakiri kwamba hati ni halali. Anachosema ni kwamba huruma haiwezi kulazimishwa, kwamba ni sifa ya Mungu, na kwamba kila mmoja wetu akihukumiwa kwa haki tupu hatapona. Ndiyo maana sote tunaomba msamaha katika sala. Hiyo ni hoja ya dini iliyoletwa mbele ya sheria. Kwa watazamaji wa London haikuwa ngeni. Walikuwa na mahakama za kawaida zilizofuata sheria kama ilivyo, na walikuwa na mahakama ya Chansela iliyoamua kwa dhamiri. Kwa karne nyingi Chansela alikuwa askofu au kasisi. Watahiniwa wanaosema Shylock ni sheria na Portia ni huruma hawajakosea, ila wameishia njiani.

Maana Shylock naye ana jibu. Anawakumbusha wakuu wa Venisi kwamba wana watumwa waliowanunua, na wanawatumikisha kama punda na mbwa. Je, akiwaambia wawaache huru na kuwaoza warithi wao, watasema nini? Watasema watumwa ni mali yao. Basi naye ratili ya nyama ameinunua, ni mali yake. Hakuna anayemjibu. Duki anageuza mazungumzo na kutishia kuahirisha kesi. Kimya hicho ni ushahidi, uandike.

Halafu kesi inapinduka. Portia anasema nyama ichukuliwe, lakini bila tone la damu ya Mkristo, wala isizidi au kupungua ratili moja. Shylock anarudi nyuma na kuomba fedha zake. Portia anakataa hata mtaji. Mbona yule aliyehubiri huruma punde tu sasa anashikilia herufi ya sheria kuliko Shylock mwenyewe? Na kumbuka pia kwamba huyu mwanasheria ni mke wa Bassanio, ambaye deni lilikopwa kwa ajili yake. Leo wakili wa namna hiyo angetakiwa ajiondoe.

Kisha inatolewa sheria nyingine: mgeni akijaribu kumuua raia, nusu ya mali yake inakwenda kwa aliyekusudiwa, nusu kwa serikali, na uhai wake unabaki mikononi mwa Duki. Mgeni! Shylock anaishi Venisi, anafanya biashara Venisi, sinagogi lake liko Venisi. Kinachomfanya awe mgeni mbele ya sheria ya jinai ni dini yake.

Duki anamsamehe uhai kabla hajaomba, akionyesha tofauti ya roho zao. Antonio naye anaongeza masharti: nusu ya mali aishike yeye kwa ajili ya Lorenzo, Shylock awarithishe Lorenzo na Jessica, na abatizwe papo hapo. Mtazamaji Mkristo wa mwaka 1600 angeweza kuona huruma kamili hapa, kwa sababu kwa imani yake ubatizo unamwokoa mtu na moto wa milele. Mali na jina ni vitu vidogo. Ukiandika hivyo, uko sahihi kuhusu enzi hiyo. Lakini matini yenyewe inatupa sababu ya kusita. Shylock anasema amekubali, kisha anaomba aruhusiwe kuondoka kwa kuwa hajisikii vizuri. Haonekani tena. Na Gratiano anamkejeli akisema yeye angempa wasimamizi wa ubatizo kumi zaidi, yaani watimie kumi na wawili kama wazee wa baraza, wampeleke kitanzini. Ndivyo anavyokaribishwa kanisani.

Mwaka mmoja darasa langu la kidato cha nne lilikuwa linashangilia hukumu hii, na wavulana wa nyuma walikuwa wakigonga madawati. Msichana mmoja Mwislamu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, sasa huyu atasali wapi?" Sinagogini hatakubalika tena, na kanisani atasimama kando ya Gratiano. Darasa lilinyamaza. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia aandike swali hilo kama aya ya insha yake. Tangu siku hiyo sijafundisha Tendo la Nne bila kulirudia.

Wengine huniuliza kama wanaweza kulinganisha na Kenya. Mnaweza, kwa sentensi moja na kwa uangalifu. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Sharti la Antonio lisingesimama. Mahakama za Kadhi ziko katika kifungu cha 170, lakini mamlaka yake ni ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu miongoni mwa Waislamu wanaokubali kwenda huko. Hazisikilizi kesi za jinai. Huruma nayo ina mahali pake: kifungu cha 133 kinampa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa kwa kufuata ushauri wa kamati maalumu. Ukizidisha hapo, mtahini atakuuliza kama unafanya somo la uraia.

Hivi ndivyo aya moja ya jibu inavyoweza kusomeka:

Dini inawafanya wahusika wasione jinai inapotendwa na mtu wa upande wao. Jessica anaiba dukati na vito vya baba yake akitoroka na Lorenzo. Marafiki wa Lorenzo wanamsaidia na kusherehekea, kwa kuwa Jessica anaingia Ukristo. Kinaya ni kwamba Shylock anaposhindwa kesi, mahakama inaamuru mali yake iende kwa hao hao waliomwibia.

Aya hiyo ina hoja, mfano, maelezo na mbinu ya uandishi, na haina neno la ziada. Ukiwa na aya tano au sita za namna hiyo, swali umelimaliza.

Jaribu haya kabla ya somo lijalo. Andika kwa kalamu, ukitazama saa.

1. Eleza jinsi kiapo na hati vinavyomfunga Shylock kuliko vinavyomfunga Antonio. (alama 10)

2. Msamaha anaopewa Shylock ni huruma au ni adhabu? Tetea jibu lako kwa kurejelea Tendo la Nne pekee. (alama 20)

3. Katika Tendo la Tano, Portia na Nerissa wanawashtaki waume zao kwa kuvunja kiapo cha pete, na kesi inaisha kwa kicheko. Linganisha kesi hiyo na ya Shylock. (alama 10)