Kabla Timu ya Kanisa Haijapanda Gari Kwenda Kwenye Tetemeko

Alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, ardhi ilitikisika mkoani Kagera, Tanzania, kwa ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 16 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba nyingi zikaanguka au kubaki na nyufa. Sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa. Habari kama hiyo ikifika, Jumapili makanisani huulizwa nani yuko tayari kwenda, na mikono mingi huinuka. Makala haya ni kwa ajili ya wenye mikono hiyo.

Nendeni, lakini mkiwa mmeitwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; kwenye tetemeko siku hizo mbili za ugeni hazipo. Timu ya watu 15 isiyo na hema, chakula wala maji ni midomo 15 inayoongezwa kwa watu wanaolala nje. Na wenyeji hawatawaambia. Mama wa Bukoba, mkoani Kagera, ambaye ukuta wake umelala chini bado atakata mkungu wa ndizi uliobaki shambani awapikie wageni waliotoka mbali kwa ajili yake. Ukarimu huo usigeuke kuwa gharama ya msaada wenu.

Kwa hiyo, kabla ya kukodi gari, mchungaji au paroko wenu azungumze na mwenzake wa kule, naye awaunganishe na mtendaji wa kata na kamati ya maafa ya wilaya. Ulizeni mnahitajika lini, kwa kazi gani, na mtalala wapi. Mkijibiwa msubiri mwezi mzima, subirini. Siku za mwanzo majirani ndio hufukua vifusi kwa mikono, kisha wanajeshi na Msalaba Mwekundu hufika. Upweke huja baadaye, magari yakishaondoka na mvua zikakaribia. Hapo fundi mwashi, seremala na muuguzi wana thamani kubwa kuliko umati wa wiki ya kwanza.

Msiingie kwenye jengo lenye nyufa kabla mhandisi hajalikagua, hata kama ni kanisa. Nchini Nepal, tetemeko la 7.8 la tarehe 25 Aprili 2015 lilifuatwa na jingine la 7.3 tarehe 12 Mei, likaua watu zaidi ya 200 ambao walikuwa wamenusurika la kwanza. Laleni nje, mbali na kuta. Kila mmoja awe na buti, kofia ngumu, glavu za ngozi, barakoa ya vumbi, tochi na filimbi, na awe amechanjwa pepopunda, kwa sababu kazi ya vifusi ni kazi ya misumari.

Mitumba iacheni nyumbani. Pelekeni fedha kupitia akaunti rasmi iliyotangazwa, mpewe stakabadhi. Mabati, saruji na misumari nunueni kwenye maduka ya hapo hapo, maana mwenye duka naye ameathirika. Mafundi wa kijijini waajiriwe, nanyi muwe vibarua wao.

Kuhusu watoto, naomba msomaji asikilize kwa makini. Mwishoni mwa Januari 2010, wiki mbili na ushee baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti 10 kutoka Marekani walikamatwa mpakani wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Walisema wanawaokoa yatima. Ikaja kubainika kwamba wengi wa watoto hao wazazi wao walikuwa hai. Nia njema haikutosha. Mtoto mliyemkuta peke yake mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii, na msimchukue hata kwa usiku mmoja. Msimpige picha pia.

Neno la Mungu lina nafasi yake, ila bati lisiwe na masharti. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada walizitoa mwaka 1994 zinakataza kutumia msaada kueneza msimamo wa kidini. Nyumba ya Mwislamu iezekwe kama ya mzee wa kanisa. Na asithubutu mtu kumwambia mfiwa kwamba tetemeko ni adhabu. Kaa naye kwenye mkeka, sema pole, nyamaza. Akitaka maombi atakuambia mwenyewe, na hapo omba naye kwa moyo wote.

Siku ya kuondoka, majembe, misumeno na mahema yabaki kwa wenyeji, kwa orodha iliyosainiwa. Kisha baada ya miezi sita pigeni simu. Muulizeni yule mama kama paa linavuja, na kama linavuja, rudini.