Mkono Ukipoa Ghafla, Usingoje Kukuche

Mshipa wa damu ukiziba, vidole huanza kufa huku mgonjwa akidhani ameulalia mkono. Daktari anajibu maswali ya wasomaji wa Bariadi na maeneo mengine ya Simiyu.

Swali: Shikamoo daktari. Mama alikuwa akivuna pamba, mkono wa kulia ukamuuma ghafla, ukapauka na kuwa wa baridi. Tukamkanda kwa maji ya moto. Tulikosea?

Jibu: Marahaba. Maji ya moto hayazibui mshipa, na mkono wenye ganzi huungua bila mwenyewe kusikia. Maumivu ya ghafla, kupauka, ubaridi, ganzi na vidole kugoma kusogea ni dalili kwamba damu haifiki. Mara nyingi ni bonge la damu lililotoka kwenye moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Ndani ya takriban saa 6 misuli huanza kufa.

Swali: Mnapimaje?

Jibu: Kiganja hulishwa na mishipa miwili, mmoja upande wa dole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Unafumba ngumi, daktari anaibana yote miwili, unafumbua, kisha anaachia mmoja. Rangi ya kiganja isiporudi ndani ya sekunde 10 hivi, mshipa huo una walakini. Msingi wa kipimo hiki aliueleza Mmarekani Edgar Allen mwaka 1929. Hakihitaji hata umeme.

Swali: Na matibabu?

Jibu: Dawa ya heparini huzuia bonge lisikue. Kisha daktari wa upasuaji hupitisha mpira mwembamba wenye kiputo nchani na kulivuta bonge nje, njia iliyobuniwa na Thomas Fogarty miaka ya 1960. Mshipa ulioziba kwa muda mrefu huweza kutanuliwa, au kuwekewa mchepuko kwa mshipa uliotolewa mguuni. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Ombeni rufaa mapema.

Swali: Mimi ni kijana, navuta sigara. Ncha za vidole zinakuwa nyeusi na kutoa vidonda.

Jibu: Huenda ni ugonjwa wa Buerger, unaoziba mishipa midogo ya mikono na miguu ya watumiaji wa tumbaku. Acha sigara na ugoro kabisa. Bila hilo, dawa hazitakuokolea vidole.

Swali: Aliyeumwa na nyoka tumfunge kamba?

Jibu: Hapana. Kamba iliyokazwa huzuia damu na yaweza kuozesha mkono mzima. Mtulize, vueni pete na bangili, mkimbizeni hospitali.

Mkono ukipoa ghafla, tafuteni usafiri usiku huohuo.